Motokaa za Magurudumu Nje Zimekosa Watu

Kuna mtu amewakataza watu wasije leo, na nataka kumjua.

Nimefika kwenye mashindano ya wazungu wa mgodini, njia ya Kahama. Zile motokaa zisizo na madigadi, magurudumu yote nje.

Mwaka jana watu walijaa mpaka juu ya miti.
Leo tulikuwa mimi, Mama Kulwa muuza karanga, na ng'ombe.

Nikahisi dawa. Wacheza ngoma wanajua kuvuta watu kwa dawa, nyie wenyewe mnajua.

"Shikamoo Mama Kulwa. Watu wamerogwa?"

"Marahaba. Warogwe na nani? Wamekasirika."

Akanikumbusha. Kwenye ngoma zetu makundi mawili hucheza uwanja mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo limeshinda.

Sasa mwaka jana motokaa nyekundu ilizimika ikitoa moshi, na uwanja mzima ukaikimbilia. Ile ya bluu ikabaki inazunguka bila hata mtu mmoja.

Halafu kikombe wakampa bluu.

"Mwanangu, huo si wizi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Leo nyekundu imezimika tena. Nikaenda kusimama kando yake, Mama Kulwa akanifuata na ungo wake wa karanga.

Wawili kwa bila, mchana kweupe.

Kikombe wamempa bluu.

Na bwana mmoja wao, anayeshika saa ya kupimia mbio, nilipomkazia macho, akageukia ng'ombe.

Nyie mliobaki nyumbani, niambieni: anaficha nini?