Wote wamejibu hawajambo

Habari za leo ndugu zangu, afya zenu?

Nimetoka makao ya wazee hapa Bigwa sasa hivi.

Nesi wetu kahamishiwa kazi za ofisini, wiki ya pili sasa. Yeye kila asubuhi alimgeuza kila mzee, akamkagua mgongo na visigino. Salamu peke yake haikumtosha. Mnawajua wazee wetu hawa waliotoka kijijini Matombo, ukimwamkia mmoja atakujibu hajambo hata kama anakata roho.

Leo kapita dada mhudumu na daftari lake.

“Shikamoo bibi. Umeamkaje?”

“Marahaba mwanangu. Sijambo, tumshukuru Mungu.”

Akaandika, akaenda kitanda cha pili.

Bibi huyo ni mama yangu mzazi.

Sijui Mungu alinigusa vipi, nikaingiza mkono chini ya kiuno chake kama alivyokuwa akifanya nesi. Ukatoka umelowa, na harufu. Kidonda cha kulalia, kimeshachimba.

“Mama, mbona hukusema?”

“Mtoto wa watu kaniamkia vizuri, nimjibu nini?”

Nikavitazama vitanda vingine, mpaka ukutani. Wote leo wamejibu hawajambo.

Mwenye mzazi pale aende leo, amgeuze. Naombeni mnijibu mapema mmekuta nini.