Sinema Katika Stoo ya Ngozi

Stoo ya baba ilinuka ngozi mbichi zilizopakwa chumvi, harufu inayoshika nguo na nywele hata mtu akioga mara mbili. Baba, Mrangi aliyetoka Kondoa, aliuza nguo pale Katesh na kununua ngozi kwa wafugaji wa tambarare ya Hanang. Stoo haikuwa na dirisha. Ukifunga mlango mchana wa jua kali, mwanga uliingia kwa tundu moja la msumari mlangoni, na mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilizoea kukaa humo nikitazama vumbi likielea. Humo ndimo nilimoanzia sinema, katika miaka ya mwisho ya Mwingereza, na humo nilifanya jambo ambalo sijapata kumsimulia mtu.

Gari la sinema la serikali lilikuja siku ya mnada, likatuonyesha picha za ng'ombe wakiogeshwa kwenye josho, zilizopigwa kwetu wenyewe mwaka uliotangulia. Katikati mkanda ukakatika. Mwendesha mashine akakata kipande kilichochanika, akakitupa chini, akaunga uliobaki. Nilikiokota. Kilikuwa na urefu wa mkono wangu, na karibu kila kipicha kilimwonyesha Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig tuliyemfahamu wote, akicheka na mtu wa pembeni, mkono wake juu ya mgongo wa dume. Gidamis hakuwepo kujiona. Dume jingine lilikuwa limemchoma pembe tumboni miezi michache baada ya kupigwa picha ile, akafa.

Kutengeneza mashine ya kukionyesha kipande kile kulinichukua karibu mwezi. Fundi saa aliyefanyia kazi barazani kwetu alinipa kioo chake cha kukuzia kilichopasuka ukingoni, nikakifunga kwenye sanduku la sabuni, na nyuma yake nikaacha mwanya wa kupitishia mkanda. Nikapanua tundu la mlango kwa kisu, nikapigwa na baba kwa ajili hiyo, nikaendelea. Nje nilisimamisha kioo cha kujitazamia juu ya mawe ili kitupe jua ndani, na kila jua lilipohama nilitoka kukigeuza. Ukutani nilitundika kipande cha marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Mwanzoni nilipata ukungu mweupe tu, halafu mtu aliyesimama kichwa chini, hadi adhuhuri moja Gidamis akatokea wima, mkubwa kama alivyokuwa, anacheka. Nilikaa chini juu ya ngozi nikamtazama. Sijui kama nimewahi tena kuwa na furaha ya namna ile.

Watoto wa sokoni walikuja, wakashangilia, na baada ya siku nne wakachoka. "Kila siku huyu huyu," alisema Zaituni, binti wa jirani. "Sinema gani haina jambo?" Neno hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Ndipo nikamfikiria Udabasha. Alikuwa binti wa Gidamis, wa miaka sita hivi, na kila asubuhi alikuja na mama yake kutuletea maziwa. Nilimshika mkono wakati mama yake akiongea na mama yangu, nikampeleka stoo, nikawaita wengine. Sikumwambia kitu. Baba yake alipotokea ukutani, mtoto alikwenda akaugusa mguu wake pale kwenye kitambaa. Akachungulia nyuma ya marekani. Akanitazama mimi. Watoto wakacheka mpaka wakaanguka juu ya ngozi.

Kesho yake stoo ilijaa. Hawakuja kumwona Gidamis. Nami nilielewa upesi nilichokuwa nacho, nikaanza kukipanga. Nilimweka Udabasha mahali ambapo mwanga ulimgusa uso. "Mwite," nilimwambia. "Ukiita kwa nguvu atageuka akutazame." Nilijua kwamba katika mkanda mzima yule mtu hageuki. Mtoto aliita kwa lugha yao, akaita tena, nami nikauvuta mkanda taratibu, kipicha baada ya kipicha, ili aone kichwa kikisogea kidogo na kudhani kinaanza kugeuka. Siku sita nilifanya hivyo. Siku ya sita alikuwa hana sauti tena, anafungua mdomo tu, na Zaituni akasema, "Sasa hii ndiyo sinema."

Siku ya saba mama yake alimfuata. Watoto wakatawanyika. "Shikamoo, mama," nilisema. Alinipita akaenda mpaka kwenye marekani. Akamtazama mumewe.

"Ni wewe umemweka hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Unaweza kumtoa?"

"Hapana."

"Basi nipe, niende naye."

Nikachukua kisu. Mwisho wa mkanda palikuwa na vipicha vichache vya migongo ya ng'ombe tu, vidogo hata jicho halivitambui vizuri. Nikavikata, nikampa hivyo. Gidamis nikabaki naye. Mama yule alikifunga kipande kile kwenye pindo la vazi lake la ngozi kwa uangalifu mkubwa, akanishukuru, akamshika mwanawe mkono. Hawakuleta maziwa tena. Tukasikia wamehamia Gehandu.

Nimepiga picha za sinema tangu ujana wangu, kwa mashine za kuazima na baadaye zangu mwenyewe, na vijana wa siku hizi, wenye kamera ndani ya simu zao, huniuliza nilianzaje bila kitu. Huwasimulia sanduku la sabuni na fundi saa, nao hupiga makofi. Mwezi uliopita tulikuwa kijiji cha Daudi, kwenye mazishi, tukipiga picha za familia iliyokuwa imetuomba. Mama wa marehemu alianguka kaburini akaanza kumwita mwanawe. Msichana ninayemfundisha alishusha simu, akaninong'oneza, "Bibi, niache?"

Nilikuwa nimepata zaidi ya miaka sitini ya kulifikiria jibu lile.

"Inua simu, sogea karibu," nilimwambia.