Gari Lenye Matamvua

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, walipokuwa wakipanda boti kwenda Kazimia kufuata samaki, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani, na mke wangu alidai hata hiyo naimaliza nikihema. Ndiyo maana mimi na kamioneti yangu, gari dogo la mizigo, tulielewana. Mfanyabiashara mmoja aliyehama aliniachia baada ya mchikichi kuiangukia. Injini ilikuwa nzima, lakini boneti na mabawa ya juu ya magurudumu yalikuwa yamepondeka kama majani ya sombe kwenye kinu. Ikakaa uani, kuku wakatagia ndani. Nilikuwa naitazama kila asubuhi. Tulifanana.

Mambo yaliharibika pale mdogo wangu wa kike alipochumbiwa na kijana wa Fizi, kule mlimani. Akatangaza kwamba atakwenda kuolewa kwa gari, na gari alilolijua ni lile la kuku. Habari ikapanda mlima mpaka kwa baba mkubwa wa bwana arusi, mtu wa maneno. Akajibu kwamba yeye hana wasiwasi: siku hiyo atawaweka vijana chini ya mlima na tipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, ili gari letu likishindwa wampandishe bibi arusi kama wanavyopandisha wagonjwa.

Mdogo wangu alikuja kwangu, hata kuketi hakuketi.

"Yaya," akasema, kwani ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, "nikipanda ile tipoyi, batanicheka mupaka kwa bajukuu. Fanya gari itembee."

"Mi nitafanya nini? Mi niko karani."

"Ulisoma sekondari."

"Nilisoma Kilatini."

"Basi iongeleshe Kilatini."

Mjomba wetu alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, akaitwa. Bati la kutosha kutengenezea boneti mpya halikupatikana. Lakini kwenye miamba ya upande wa Nundu kulikuwa na boti jeupe, jepesi, lililopasuka tumbo. Mzungu mwenye boti alikuwa amekwisha kung'oa mota yake na kusema anayelitaka alichukue. Halikuwa la mbao wala la chuma. Alituambia ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Mjomba aligonga kwa kidole, akanusa, akalamba.

"Kioo gani hii inajikunja?"

Tukaliita gamba, tukalikokota hadi uani kwangu. Kuku wakahama.

Kukata gamba ni kazi ya watu wasio na ngozi. Vumbi la msumeno liliingia shingoni, kiunoni, na mahali ambapo karani hajikuni mbele ya watu. Upupu mtupu. Mke wangu alinitengea mkeka wa peke yangu, mbali, akawaambia majirani kwamba tangu tuoane ndiyo mara ya kwanza kumwona mumewe akichangamka.

Lakini mjomba alikuwa na jicho. Pua ya boti ikawa pua ya gari, na mbavu zake zilizopinda zikakaa juu ya magurudumu kana kwamba Mzungu yule alikuwa ametengeneza kamioneti bila kujijua. Gundi ya kiwandani hatukuwa nayo. Mjomba aliunganisha kwa boliti na misumari ya shaba, na kila mshono akauziba kwa pamba iliyoloweshwa mawese, kama anavyoziba mitumbwi yake. Nikamwaga ndoo nzima ya maji juu ya boneti: hata tone halikuingia. Tukapeana mikono. Hewa ingeingilia wapi, hakuna aliyejiuliza, hata yule wa Kilatini.

Siku ya arusi niliendesha mwenyewe, maana kuendesha nilijifunzia kwenye lori la ghala la pamba. Mjomba alikaa pembeni na vifaa vyake miguuni. Nyuma alikaa bibi arusi, juu ya kiti changu cha barazani, katikati ya mashangazi waliokuwa wakiimba. Tambarare tuliipita kibwana. Mlima ulipoanza tu, pua ya gari ikaanza kutoa mvuke. Nikasimama. Mashangazi wakaacha wimbo njiani, wakachungulia.

Na hapo hapo, kivulini, walikuwa wamekaa vijana wa tipoyi.

"Karibuni bakwe," akasema mkubwa wao. "Munapika nini humo? Bugali?"

"Tunapumzika," nikajibu.

"Tunaona. Bibi arusi, kiti iko tayari. Tuliweka na muto."

Mdogo wangu hakuwatazama. Alishuka, akasogeza mkono kwenye pua ya gari, akauondoa upesi.

"Mujomba, hii inakosa pumzi. Toboa hapa mbele."

Mjomba alimtazama kama aliyetukanwa. "Pua ya chombo haitobolewi. Unataka kuzamisha batu?"

"Hapa ziwa iko wapi?"

"Leo hakuna."

Kijana mmoja alikuwa ameshainua tipoyi begani, anapima uzito. Mdogo wangu akamwona, akamgeukia tena mjomba.

"Mujomba, samaki anakaa ndani ya maji. Anapumulia wapi?"

"Kwa matamvua."

"Na matamvua si matundu?"

Mjomba alilitazama gamba, akalizunguka, akarudi. "Matamvua si tundu ya ovyo," akasema mwishowe. "Iko na mukato wake."

Akaomba muhogo mkavu kwa mashangazi, akachora nao mipasuo iliyopinda kila upande wa pua, matamvua hasa ya kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwani. Akatoboa kwa keke, akapitisha msumeno. Vijana wa tipoyi walisogea kuchungulia, vumbi likawapata, wakaanza kucheza ngoma ambayo mimi naijua. Nikajaza maji ya kijito kwenye radieta, mdogo wangu akarudi kitini, nikawasha.

Kila kona nilingoja mvuke. Ulikuja upepo tu, tukausikia ukiingia kwenye matamvua na kuvuma. Vijana walitufuata mbio, mwanzo kwa matumaini, halafu, naapa, kwa kushangilia. Fizi tuliingia na honi, soko zima likatoka kutazama.

Kwao bibi arusi hashuki mpaka mkubwa wa nyumba aje kumshika mkono. Baba mkubwa akaja polepole. Akazunguka gari lote, akagonga pua.

"Bati gani hii?"

"Si bati," akasema mjomba.

"Na hii mipasuko?"

"Iko inapumua."

Akaweka kiganja, akahisi joto, akawageukia vijana wake waliokuwa wakifika na tipoyi tupu. Akaja nyuma, akainua mkono.

Mdogo wangu hakuupokea. "Baba mukubwa, umetembea sana kuzunguka gari. Kiti ile pale, bakubebe."

Mzee alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akashika bodi ya gari.

"Shuka, mukwe wangu," akasema. "Umetushinda."

Akashuka. Mashangazi wakapiga vigelegele vilivyokuwa vimewakwama kooni tangu chini ya mlima.