Samli ya Mukecuru

Bosi wangu alirudi nyumbani kutoka ukimbizini Uganda, mimi nilirudi kutoka Karagwe, na katika jiko la hoteli yake ndogo pale Gisenyi neno lake lilikuwa moja tu: "fry". Maharage yakishachemka, akitaka niyaunge kwa kitunguu, ni "fry". Mayai, "fry". Kabichi, "fry". Wali wa jana ukipashwa kwenye mafuta, nao "fry". Sambaza, vidagaa vya ziwani kwetu, "fry" mpaka walie kwenye meno. Mimi niliyekulia kwenye kuunga, kukaanga, kuchoma na kurosti nilimcheka kimoyomoyo. Sikuwa na kingine cha kujivunia.

Mama yake, tuliyemwita mukecuru kwa heshima ya uzee wake, alikaa chumba cha nyuma. Mwanawe wa kiume, ndugu yake bosi, askari, alikuwa amepelekwa upande wa Busasamana wakati vita vimepamba moto, na miezi ilipita bila barua wala salamu. Kila gari la jeshi likisimama barabarani, mukecuru alitoka kuuliza. Chakula hakukitaka, isipokuwa maharage niliyomuungia kwa kijiko kimoja cha samli yake. Samli hiyo ilitoka kwa ng'ombe wa yule kijana, ng'ombe waliyemwacha Uganda. Kibuyu kilikuwa kimefika nusu, naye alikibania ili mwanawe akirudi aikute.

Siku moja mpaka wa Goma ulifungwa, mafuta yakaadimika. Mchana wakaja wageni wanne, wanataka sambaza. Nikamkimbilia mama aliyetuuzia samaki, kumwomba mafuta.

"Mafuta hakuna, dada," akasema. "Hata mi mwenyewe niko napika na maji tu."

Nikarudi mikono mitupu. Bosi akanipigia kelele kutoka mbele: "Fry haraka, wewe dada, watu wanangoja!"

Nilijua anataka nini. Nilijua pia kwamba wafugaji hawachanganyi samaki na kitu cha ng'ombe. Hata chombo cha maziwa hakisogezwi karibu na samaki, ng'ombe asije akafa, na mwenye ng'ombe naye akapatwa na baya. Nilikuwa nimeyasikia hayo tangu utotoni nikayaita ushamba. Nikachota samli. Nikachota tena.

Harufu ndiyo iliyomtoa mukecuru chumbani. Alisimama mlangoni, akatazama kikaango, akatazama kibuyu. Nilijiandaa kutukanwa, na laiti angenitukana. Aliniuliza kwa Kinyarwanda, polepole, "Mwanangu, samli umekaangia samaki?"

"Ndiyo, mama."

"Basi amekufa."

Bosi alimbembeleza: mama, huo ni ushirikina, wewe ni mtu wa kanisa. Mimi nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akanisamehe, tena kwa moyo wake wote, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Tangu siku ile hakutoka tena kuuliza. Alijifunga kitenge cheusi, akawa anakula chochote tulichomwekea, kwa mafuta yoyote, bila kuonja.

"Angalau sasa anakula," bosi akaniambia.

Vita vilipotulia askari wengine walirudi. Yule kijana hakurudi, na mukecuru alizikwa kabla hatujapata habari yoyote. Hakuna aliyewahi kuja kusema kwamba amekufa. Mimi ndiye niliyemwambia mama yake, kwa sahani nne za sambaza.