Mlio wa Bati Katika Spika za Nadra

Nadra, mzaliwa wa Mombasa, anafanya kazi kwenye kibanda cha maegesho ya hoteli moja huko Alexandria, Marekani, na akirudi nyumbani hutengeneza spika. Alianza kwa kufufua za watu, kisha akataka zake mwenyewe. Mwaka huu alizimaliza: makasha ya mbao aliyoyapiga msasa mpaka yakateleza, spika ndogo juu kwa sauti nyembamba, kubwa ya alumini chini kwa sauti nzito.

Mumewe Habib, dereva wa teksi, aliketi kusikiliza taarabu. Wimbo haujafika nusu, nyuzi za ganuni zikilia, akainuka.

“Baba Faisal, wenda wapi?”

“Jikoni. Ganuni yanichoma sikio, Mama Faisal. Kama mtu apiga bati kwa kijiko.”

Nadra alinuna, lakini alijua si uongo. Akaweka maikrofoni mbele ya spika, akatazama mchoro kwenye kompyuta. Mstari ulikwenda sawa, halafu ghafla ukachomoza kama pembe. Ile alumini, ikiguswa na sauti fulani, ilikuwa ikilia yenyewe. Dawa yake ni kichujio cha kukata sauti hiyo moja tu: koili, yaani waya uliozungushwa, na kapasita zikae sambamba kwenye njia ya umeme kabla ya spika, na rezista ya kuamua ikatwe kiasi gani.

Akasokota koili kwa mkono, akaunganisha, akamwita Habib.

“Sasa mwimbaji yumo kabatini,” alisema Habib, “na bati lingalipo.”

Maikrofoni nayo ilisema vivyo hivyo. Kichujio kilikuwa kimekata kando ya pembe, upande wa chini. Kimeondoa sauti nzuri, kimeacha mbaya. Koili ilikuwa na mizunguko mingi mno.

“Basi nishikie waya.”

Habib akashika ncha. Nadra akafungua mizunguko michache, akakata, akapima, akafungua tena. Kila alipopunguza, shimo kwenye mchoro lilisogea juu kidogo, mpaka likaikuta pembe, na mstari ukalala.

Wakarudia wimbo ule ule. Ganuni ilidondoka punje punje, na pumzi za mwimbaji zikasikika baina ya maneno. Habib hakuinuka. Ulipokwisha alisema tu, “Tia tena.”

Kesho yake Nadra alimsikia akizungumza kwa simu na rafiki yake wa Sterling, mji wa jirani: “Njoo Jumapili, tumeunda spika hapa, hujapata kusikia! Mambo ya koili haya, yataka mkono mtulivu.”

Nadra akacheka peke yake, akamwachia ile “tumeunda,” akaanza kuwaza atampikia nini mgeni.