Nilivyojifungulia Buti Mwenyewe

Mie nimehamisha betri ya gari langu kwenda kwenye buti, na sikumwita fundi! Nimeifunga mkanda ndani ya boksi, fyuzi nimeiweka jirani yake, waya nimeupitisha chini ya kapeti. Gari likawaka mara moja. Mtaa mzima hapa Mtoni nimeshawafungulia buti waone.

Jana, Buguruni, dada wa trafiki alinisimamisha, akaangalia leseni, akasema, “Haya, nenda.”

Kiherehere changu kikanishusha.

“Afande, njoo uone usalama.”

Nikafungua buti. Akainama, akauvuta mkanda, haukutikisika. Kifua kikanijaa.

“Braza, umefunga kweli. Mtungi wa kuzimia moto uko wapi?”

“Nyumbani, afande. Niliutoa ili betri ipate nafasi.”