Bamama banasema ninaisha

Leo bamama ba kanisa balinililia na mi niko mzima.

Docta wa Lilongwe alinipasua, akapunguza tumbo ili nikonde, sababu ya ugonjwa wa sukari. Kilo zilishuka mbio, kisha zikasimama. Ni miezi tatu sasa hazishuke.

Asubuhi, kule tunabebaka tumbaku Kanengo, nilipanda ku mizani ya mizigo. Kilo ni zilezile.

Nikarudi ku kambi yetu ya bakimbizi, Dzaleka, roho chini. Nikasema, ile operesheni ilikuwa bure.

Nafika ku nyumba, bamama banne banaikala ku mkeka, na bugali na samaki badogo, sambaza.

Mama Furaha akaanza: "Dada, unaisha. Ulizika bwana, sasa mawazo ya vita ya kwetu Uvira njo inakukula."

"Ni docta alinikata tumbo, mama. Na kilo hazishuke tena."

"Nyamaza, kula."

Nikakula matonge mbili, tumbo ikajaa.

Basi bakaanza kulia, eti hata kula ninashindwa.

"Angalia shingo," mwingine akasema. "Kama ya kuku."

Bandugu, shingo ya kuku. Mizani haijaniambiaka neno tamu vile.

Bakaniombea ninenepe. Nilipiga magoti, lakini amina sikusema.

Nyinyi mungeamini nani, mizani ao bamama? Mi niko upande wa shingo.